Elimu ya Muziki katika Shule za Sekondari na Huduma ya Kanisa: Tafakari kutoka Tabora

Msomaji wa Kitabu cha Kwanza cha Mambo ya Nyakati aghalabu huiruka sura ya 25, kwa kuwa ni orodha ya majina. Hata hivyo orodha ile ina jambo ambalo sisi walimu wa theolojia tungefaa kulitafakari. Mwandishi anawahesabu waimbaji wa Hekaluni na kupata 288, yaani zamu 24 za watu 12 kila moja, na wote hao anawataja kuwa ni watu waliofundishwa. Hasemi kwamba walikuwa na sauti nzuri, wala kwamba walijaliwa kipawa, ingawa yamkini walikuwa navyo vyote viwili. Anasema walifundishwa, tena katika kupiga kura za zamu, mwalimu na mwanafunzi waliwekwa sawa. Katika sura ya 15 ya kitabu hicho hicho tunakutana na Kenania, aliyewekwa kusimamia uimbaji kwa sababu moja tu, kwamba alikuwa stadi.

Nimeanzia hapo kwa sababu Kanisa letu husifiwa kila mahali kwa kuimba, nasi tumeridhika na sifa hiyo. Swali ninalotaka kuliuliza ni hili: waimbaji wetu hufundishwa wapi? Katika shule ya Jumapili mtoto hujifunza kupenda kuimba. Katika chuo cha theolojia mwanafunzi hupewa vipindi vichache vya liturgia na nyimbo, naye kwa kawaida amekwisha kuwa mtu mzima ambaye ulimi na sikio lake vimeshakomaa. Katikati ya hapo kuna miaka minne au sita ya shule ya sekondari, umri ambao sauti ya mvulana inavunjika na akili inaweza kushika alama na kanuni. Kwa maoni yangu hapo ndipo mahali penyewe, na hapo ndipo tumepaacha patupu. Mifano nitaichukua Tabora na kandokando ya njia ya kale ya misafara, kwa kuwa huko ndiko nilikohudumu, na kwa kuwa njia ile ilikuwa na namna yake ya kufundisha muziki kabla haijajengwa shule yoyote ya matofali.

Kirangozi na wafuasi wake

Njia ile ilitoka Bagamoyo, ikapita Mpwapwa na Ugogo, ikafika Unyanyembe, ambako ndiko uliko mji wa Tabora. Kutoka hapo ikaendelea Urambo, Uvinza na Ujiji kwenye Ziwa Tanganyika. Wapagazi mashuhuri wa njia hiyo walikuwa Wanyamwezi. Burton na Speke waliondoka pwani mwezi Juni 1857 wakafika Kazeh, yaani Tabora ya leo, mwezi Novemba. Mtu anayetembea miezi mitano na mzigo kichwani au begani hahitaji kuhubiriwa faida ya wimbo. Mbele ya msafara alitangulia kirangozi na bendera yake. Karibu naye alikuwapo mpiga ngoma. Baragumu la pembe liliwaita watu kuamka na kuondoka. Na wimbo uliotolewa na mmoja uliitikiwa na mstari mrefu wa watu ambao wa mwisho wao hakuwaona wa mbele.

Hiyo nayo ni elimu. Kijana aliyejiunga na msafara mara ya kwanza hakupewa daftari. Aliingia katika kiitikio, maana kiitikio ni kifupi na hurudiwa. Baada ya majuma kadhaa alijua sehemu ya kirangozi pia, na kama alikuwa na ujasiri alijaribu kuitoa yeye jioni kambini. Wataalamu wa elimu wamekuja kutueleza baadaye kwamba mtu hujifunza vema kwa kutenda pamoja na wanaojua. Wanyamwezi walilijua hilo wakiwa njiani. Nalitaja hili mapema ili nisieleweke kwamba nadharau kujifunza kwa sikio. Mimi mwenyewe nililelewa hivyo katika kwaya ya usharika, na hata leo wimbo nilioupata kwa sikio hunikaa kuliko nilioupata kwa macho.

Lakini katika mwisho wa pwani wa njia hiyo hiyo palikuwa na shule ya namna nyingine. Mapadre wa Roho Mtakatifu walianza kazi Bagamoyo mwaka 1868 na kuwakusanya watoto waliokombolewa utumwani. Stanley alipopita hapo mwaka 1871 akijiandaa kwenda Unyanyembe, alishangaa kupigiwa muziki wa Kifaransa na bendi ya vijana wa misheni wapatao ishirini, wenye matarumbeta. Kwa hiyo msafara wake ulianza safari kutoka mahali ambapo watoto wa Kiafrika walipiga muziki wa shuleni, ukaenda kwa nyimbo za wapagazi ambao hawakuhitaji karatasi. Njia moja, elimu mbili. Na tangu wakati huo hatujazikutanisha sawasawa.

Bendi za matarumbeta hazikubaki misheni. Shule ya serikali ya Wajerumani huko Tanga ilikuwa na bendi ya wanafunzi, na kutokana na bendi za shule na za askari ilienea ngoma ya beni, ambayo vita ya 1914 hadi 1918 iliisukuma bara mpaka Tabora na kupita. Huko Urambo, ambako Wamisionari wa Kilondoni walifika mwaka 1879 na kuwaachia kazi Wamoravian mwaka 1898, Kanisa lilirithi desturi ya Herrnhut ya kupiga matarumbeta alfajiri ya Pasaka makaburini. Baadaye mji wa Tabora ulizaa bendi za dansi zilizojulikana nchi nzima: Kiko Kids, Tabora Jazz, Nyanyembe Jazz. Wachungaji wa siku zile walizikemea sana. Sikumbuki kusikia kwamba yuko aliyekwenda kuwauliza vijana wale walijifunza wapi kuzipanga sauti za magitaa namna ile.

Aliyekuwa mwanafunzi wa Shule ya Serikali ya Tabora kuanzia 1937 hadi 1942 alilisema jambo hili kwa upande wake. Mwalimu Nyerere, alipolihutubia Bunge tarehe 10 Desemba 1962 kama Rais wa kwanza wa Jamhuri ya Tanganyika, alisikitika kwamba wasomi wa kizazi chake walifundishwa nyimbo za Wazungu na dansi zao, wakaachwa hawajui ngoma za kwao. Hotuba ile inakumbukwa kwa ajili ya ngoma. Mimi huikumbuka pia kwa ajili ya neno shule, kwa maana malalamiko yake yalikuwa juu ya kile ambacho shule ilichagua kufundisha na kile ilichokiacha.

Wimbo uliobaki sauti mbili

Sasa nisimulie kisa kilichonifanya niandike makala hii. Miaka mingi iliyopita, nikiwa mchungaji kijana, nilikuwa nikienda kila juma katika shule moja ya sekondari ya mkoa wa Tabora kufundisha kipindi cha dini. Umoja wa Kikristo wa Wanafunzi, UKWATA, ulikuwa na kwaya ya wanafunzi wapatao thelathini. Mwalimu wa kwaya hiyo alikuwa mwanafunzi wa kidato cha tatu, mtoto wa mkulima wa tumbaku, ambaye hakuwa amefundishwa na mtu. Alitunga wimbo wa Zaburi ya 121 kwa sauti nne. Namna yake ya kufundisha ilikuwa kuliendea kila kundi na kuliimbia sehemu yake mpaka liishike. Alipomaliza la nne, la kwanza lilikuwa limesahau, naye alirudi bila kukasirika. Wimbo ule niliuona ukiwatoa machozi wazazi siku ya mahafali.

Kijana alimaliza kidato cha nne, matokeo hayakuwa mazuri, akaondoka. Baada ya miaka minne nilialikwa tena shuleni pale, nikasikia wimbo ule ule. Ulikuwa umebaki sauti mbili. Sauti ya tatu na ya nne hazikuwapo, na hakuna aliyejua kwamba ziliwahi kuwapo. Ubeti wa pili ulikuwa umepata tuni nyingine kabisa. Niliomba kuliona daftari la kwaya. Maneno yalikuwamo yote, kwa mwandiko mzuri, na juu yake pameandikwa "polepole".

Nilimtafuta mtunzi. Nilimkuta karibu na stesheni ya reli, akiwa dereva wa bodaboda. Nikamwuliza kama anaikumbuka besi. Akazima pikipiki, akaimba besi yote bila kukosea, kisha akaimba ya tatu. Nikatoa kalamu. Maneno niliyaandika, nilipofika kwenye sauti zenyewe kalamu ikasimama. Nilikuwa na shahada ya theolojia, nilikuwa nimesoma Kiyunani, na sikuweza kuandika kwenye karatasi mistari minane ya wimbo niliousikia kwa masikio yangu. Yeye naye alinitazama akidhani ninaandika.

Shule ile siilaumu; haikuwa na mwalimu wa muziki, na hata mwalimu wa hisabati alikuwa mmoja. Lakini nilielewa siku ile tofauti kati ya msafara na shule. Kujifunza kwa sikio hutosha maadamu watu wale wale wanatembea pamoja. Shule ya sekondari hubadilisha watu wake wote kila baada ya miaka minne, na usharika hupoteza mwalimu wa kwaya kila anapohamishwa kazi.

Kuandika sauti ni kitu gani

Wengi wetu huogopa nota kama waogopavyo Kiebrania. Lakini kuna njia nyepesi ambayo misheni zilituletea na ambayo kwaya nyingi bado huitumia, nayo ni sol-fa. Ilianzishwa Uingereza na mwalimu Sarah Glover, akaiendeleza mchungaji John Curwen katika karne ya 19, kwa kusudi la kuwafundisha watoto wa shule za Jumapili na watu wasio na fedha ya vinanda. Sauti saba za ngazi huandikwa kwa herufi d, r, m, f, s, l, t. Mapigo hutenganishwa kwa nukta mbili, na kipimo kwa mstari wa wima. Alama ndogo pembeni ya herufi huonyesha kama sauti iko ngazi ya juu au ya chini. Hayo ndiyo karibu yote. Haihitaji karatasi yenye mistari mitano; daftari la shule na kalamu ya risasi vinatosha, na mwanafunzi mwenye bidii anaweza kuandika wimbo mwepesi baada ya muhula mmoja. Upungufu wake ni kwamba huwa nzito wimbo unapobadili ngazi mara kwa mara, na haisaidii sana kuandika midundo ya ngoma zetu, ambako mikono miwili hupiga hesabu mbili tofauti. Anayetaka kufika huko atahitaji nota kamili.

Enoch Sontonga alikuwa mwalimu wa shule ya misheni karibu na Johannesburg. Mwaka 1897 aliutunga wimbo kwa ajili ya wanafunzi wake, akiwa na kawaida ya kuziandika nyimbo zake kwa sol-fa. Alifariki mwaka 1905, akiwa bado kijana. Kwa kuwa wimbo uliandikwa, kwaya nyingine ziliuchukua, mshairi Mqhayi akauongezea beti, na mwaka 1961 Tanganyika ikasimama kuuimba kwa Kiswahili kama wimbo wake wa taifa. Nasi tunao wa nyumbani: Bernard Kyamanywa aliandika "Mfurahini, Haleluya" mwaka 1966 akiwa mwanafunzi wa theolojia Makumira. Mwalimu wake katika chuo hicho, Howard Olson, aliyekuwa akikusanya nyimbo za Kiafrika, aliutafsiri, na leo umo katika vitabu vya nyimbo vya Walutheri wa Marekani. Je, ni vijana wangapi wenye kipawa kama hicho ambao hawakuwa na mtu wa kuandika?

Kuna sababu nyingine, nayo inahusu Neno lenyewe. Mkazo wa Kiswahili huwa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho: MUngu, BWAna, neEma. Tuni nyingi tulizozipokea kutoka Ujerumani hufunga mstari kwa pigo zito, kwa sababu maneno mengi ya Kijerumani huweza kuishia kwenye silabi yenye mkazo. Watafsiri wetu wa kwanza walijitahidi sana, ila mara nyingi pigo zito linaiangukia silabi dhaifu, na mwimbaji anajikuta akitamka "MunGU". Katika Kinyamwezi jambo huwa gumu zaidi, kwa kuwa hiyo ni lugha ambayo kupanda na kushuka kwa sauti kunaweza kugeuza maana. Mwanafunzi asiyejua kuutenganisha mkazo wa neno na pigo la tuni ataona tu kwamba wimbo "haukai vizuri", wala hatajua ufanyiwe nini. Aliyefundishwa ataweza kuurekebisha, au kutunga mwingine unaotembea kama lugha yake inavyotembea. Tunawafundisha wanafunzi wetu kuyapima mahubiri neno kwa neno. Wimbo, ambao mshirika huubeba mpaka nyumbani, tunauachia bahati.

Urithi tulioupokea nusu

Sisi Walutheri hatuna udhuru. Mwaka 1524 Luther aliwaandikia madiwani wa miji ya Ujerumani akiwasihi waanzishe shule, na humo akasema kwamba kama angekuwa na watoto angetaka wajifunze, pamoja na lugha na historia, kuimba na muziki. (Wakati huo hakuwa hata ameoa.) Mwaka huo huo Johann Walter alitoa kitabu cha nyimbo za sauti nyingi, na katika dibaji Luther akaeleza kwamba kimekusudiwa vijana, ambao imewapasa kufundishwa muziki. Walter mwenyewe akawa mwalimu wa uimbaji katika shule ya Torgau.

Matunda yake tunayajua. Johann Sebastian Bach alibaki yatima akiwa na miaka kumi. Mwaka 1700, akiwa na miaka kumi na mitano, alikwenda Lüneburg, ambako shule ya Mtakatifu Mikaeli iliwapokea wavulana maskini wenye sauti nzuri na kuwasomesha. Kuanzia 1723 hadi kufa kwake mwaka 1750 alikuwa Kantor wa shule ya Mtakatifu Thoma huko Leipzig. Kwa lugha ya leo tungesema alikuwa mwalimu wa shule ya sekondari, mwenye vipindi, wanafunzi watukutu na ugomvi na wakubwa wake. Tumerithi tuni alizozipanga. Shule iliyomlea hatukuirithi.

Nafasi zilizopo

Huenda mzazi wa Kaliua au Nzega akauliza, na ana haki ya kuuliza: mtoto wangu akisoma muziki atakula nini? Muziki ni somo linalotahiniwa na Baraza la Mitihani la Tanzania katika kidato cha nne, ingawa shule zinazolifundisha ni chache. Chuo cha Ualimu Butimba, Mwanza, ambacho kwa Tabora si mbali, kimekuwa kikiwaandaa walimu wa masomo ya sanaa, muziki ukiwamo. Chuo cha Sanaa Bagamoyo kilianzishwa mwaka 1981 na tangu 2007 kinaitwa Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam hufundisha muziki, na Makumira, chuo kikuu cha Kanisa letu, hutoa shahada yake. Sera ya Elimu na Mafunzo katika toleo lake la 2023, ambayo utekelezaji wake ulianza mwaka 2024, imeweka mkondo wa amali kando ya mkondo wa jumla, na katika tahasusi mpya za kidato cha tano limo kundi la sanaa. Mlango umefunguliwa, kinachokosekana ni watu wa kuwapeleka watoto mlangoni wakiwa wamejiandaa.

Hapa wachungaji tuna nafasi ambayo hatuitumii. Tunacho kipindi cha dini, na tunayo UKWATA inayokutana kila juma kwa mazoezi. Dakika ishirini za kila zoezi zikitolewa kwa sol-fa, mwanafunzi anayeingia kidato cha kwanza atatoka akiwa anaweza kusoma na kuandika. Wakuu wa shule wengi watakubali, mradi somo lisiingilie maandalizi ya mitihani. Usharika unaotenga fedha kwa ajili ya sare mpya za kwaya unaweza pia kumsomesha kijana mmoja Butimba. Na nikiruhusiwa kusema wazi, vinanda vya umeme vyenye midundo iliyopangwa kiwandani vimetudanganya. Kijana hubonyeza kitufe kimoja, ngoma nzima inalia, nasi tunamwita mwanamuziki. Nimeona usharika ulionunua kinanda kama hicho kwa michango ya mavuno mawili, na mpigaji wake hawezi kuwapa sauti ya nne noti yao ya kuanzia.

Ama mimi mwenyewe, nilijifunza sol-fa nikiwa nimepita miaka arobaini, kwa mwalimu wa kwaya mstaafu, Mmoravian, aliyenipa mazoezi yale yale anayowapa watoto na kunisahihisha kwa kalamu nyekundu. Nilipoona ninaweza, nilirudi stesheni na daftari. Yule kijana, ambaye sasa ni baba wa watoto watatu, huegesha pikipiki yake chini ya mwembe na kuniimbia mstari mmoja mmoja, nami naandika, namsomea, naye hunikatiza ninapokosea. Besi imekamilika, kurasa mbili. Katika sauti ya tatu tumefika ubeti wa pili, na hapo tumekwama, kwa sababu anasema aliuimba kwa namna mbili na hajaamua ipi ni sahihi. Ameniomba nirudi Jumamosi, na nimletee binti yake mkubwa daftari lake mwenyewe.